Hodi Inayoruka Mlango wa Mshamu

Nchi hii ipo. Msiniulize iko upande gani, maana nikiwaelekeza mtauliza nimejuaje, na nikieleza nimejuaje mtaanza kunitazama kwa jicho pembe, na huko ndiko hasa walikoanzia wenyewe wa nchi hiyo. Naomba mniamini kwa kitambo kidogo tu. Nikimaliza, kila mtu arudi kwenye shaka zake kwa amani.

Kabla ya hapo walikuwa watu kama sisi. Mgeni akifika mlangoni anapiga hodi, wa ndani anaitikia karibu, mgeni anavua viatu, anaulizwa habari za nyumbani, analetewa maji. Hapakuwa na taabu yoyote. Taabu ilianza siku mtu mmoja asiyejulikana alipokwenda Ikulu akapiga hodi, na Mtukufu Rais, ambaye saa hiyo alikuwa peke yake sebuleni akikata kucha, akajisahau akaitikia karibu kama binadamu wa kawaida. Mgeni akaingia. Wakanywa chai. Walinzi wanasema walisikia vicheko. Baadaye mmoja akatoka akaenda zake, na mmoja akabaki kwenye kiti.

Sasa nani alitoka na nani alibaki? Aliyebaki alikuwa na sura ya Rais na sauti ya Rais, na alipoulizwa kama yeye ni Rais alikasirika Kirais kabisa. Lakini mtumishi aliyemnawisha mikono wakati wa chakula alinong'ona jikoni kwamba kucha za Mtukufu zilikuwa ndefu zote, hata moja haijaguswa. Mtumishi huyo alihamishiwa mahali ambapo hakuna jiko. Na Mtukufu, huyu wa kucha ndefu, akatangaza kwamba nchi yake imejaa watu wasioaminika, na kwamba kuanzia sasa neno karibu ni mali ya serikali.

Ikaundwa Wizara ya Milango na Makaribisho, akateuliwa Mheshimiwa Profesa Kaombwe kuiongoza, mtu aliyesomea mashaka mpaka akamaliza. Hotuba yake ya kwanza redioni bado watoto wanaikariri shuleni.

"Ndugu wananchi, adui hana sura ya adui. Angekuwa nayo, tungeshamkamata. Adui ana sura ya ndugu yako. Kwa hiyo ukimwona mtu anafanana sana na ndugu yako, shtuka."

Basi ikawa hivyo. Mtu akipiga hodi, wa ndani haitikii karibu, anasema, "Thibitisha." Kisha anamuuliza maswali ya nyumbani. Jibu la "ni mimi" likapigwa marufuku, kwa kuwa uchunguzi wa Wizara uligundua kwamba wezi wote waliowahi kukamatwa nchini walikuwa wakijiita mimi. Kila mlango ukatobolewa tundu la kuchungulia, na kila mtaa ukapewa Mkaguzi wa Hodi, mwenye koti la kaki na filimbi.

Mtaa wa Bawaba alipewa Mshamu Makame, na hakuna aliyeona ajabu, maana Mshamu alikuwa fundi seremala na milango yote ya mtaa ule alikuwa ameichonga yeye. Hakuwa mtu mbaya, huyu Mshamu. Nalisema hili kwa sababu najua mmeshaanza kumchukia. Alikuwa mpole, mwenye kupenda kazi isifiwe, na alipovalishwa lile koti alijitazama akaona limemkaa. Watu wengi wameharibika kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kazi yake ya kwanza ya kujulikana ilikuwa ya Faki, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mdogo wake Faki alifika kutoka shamba na mzigo wa muhogo, akapiga hodi, na Faki akafungua papo hapo bila swali, akamkumbatia mlangoni mchana kweupe. Mshamu alipomuuliza umemhakiki vipi, Faki akasema huyu tumenyonya ziwa moja. Mshamu akapuliza filimbi. Faki akapelekwa Chuo cha Mashaka kurekebishwa, na alirudi amefuzu vizuri sana, hata sasa hawezi kukaa mbele ya kioo bila kukihoji. Mdogo wake hakuonekana tena mtaani. Muhogo ulioza.

Ila Mshamu alikuwa na doa lake nyumbani. Mkewe, Sikudhani, alikuwa mzaliwa wa ng'ambo ya mto, na watu wa ng'ambo hawana milango mnayoweza kuiita milango. Wanarudishia tu, bila komeo. Muuza duka wa huko akienda msikitini anaweka kigoda kwenye kizingiti, na watu wanakipisha kile kigoda kana kwamba ni askari. Wizara iliwahi kupeleka ujumbe wa wataalamu ukachunguze mambo hayo. Wajumbe walikaa huko, wakala, wakalala milango wazi, wakarudi wakiwa na nyuso za watu waliopumzika. Walizuiwa kivukoni. Profesa Kaombwe alieleza kwamba mtu aliyezoea kuaminiwa anaweza kuambukiza wengine, na mpaka leo wajumbe wale wako kivukoni wakihakikiwa.

Sikudhani, basi, alikuwa na tabia ya kwao. Hodi haijamalizika, yeye ameshasema karibu. Aliwajua watu kwa miguu yao. Huyu Bi Mashavu wa mbele, anaburuza kanga. Huyu muuza maziwa, anagongesha ndoo kwenye goti. Mshamu alimwonya, akambembeleza, akawaambia majirani kwamba mke wangu bado anajifunza. Na ukweli, ambao Mshamu hakumwambia mtu, ni kwamba naye alikuwa ameambukizwa. Kandambili ya kushoto ya Sikudhani ilikatika ukanda, akaushona kwa uzi, ikawa inakwaruza chini anapotembea. Mshamu aliisikia tangu kona ya kisima. Alikuwa akiacha randa, anakwenda kumfungulia kabla hajafika, na mke anaingia akicheka kwamba mlango wao una macho.

Ikaja habari kwamba mama yake Sikudhani amefariki ng'ambo. Sikudhani akafunga kanga mbili akaenda kumzika mama yake. Mshamu alimsindikiza mpaka kona ya kisima, akiwa amevaa koti.

Alirudi baada ya matanga, alasiri moja mawingu yamejaa. Mshamu alikuwa ndani akipiga msasa. Alisikia kukwaruza tangu kisimani. Akasikia kikohozi, kikavu, kipya, lakini kifua ni kile kile. Mkono wake ukaacha msasa wenyewe, akasimama, akafika mlangoni akashika komeo.

Alijua. Hili liandikeni popote mnapoandika mambo. Hakudhani wala hakubahatisha. Alijua ni mkewe kama anavyojua pua yake.

Lakini mtaa mzima nao ulikuwa umesikia. Mtaani kote vifuniko vya matundu vilifunguliwa, kila nyumba ikatoa jicho. Aliyekuwa akija anatoka ng'ambo, na mwenye mlango ni Mkaguzi, na kila aliyechungulia alitaka kuona kama sheria ina mke.

"Hodi," akasema Sikudhani.

"Thibitisha," akasema Mshamu.

Kisha mke akasema haya, uliza. Mshamu akamuuliza uvunguni mwa kitanda kuna nini. Akajibu kuna kinu kilichopasuka ambacho umeahidi kukiziba tangu tuoane. Akamuuliza ncha ya kidole cha mume wa nyumba hii ilikatwa na nini. Akajibu patasi, tena ya kuazima, na mwenyewe hujamrudishia. Mshamu akashusha sauti akamuuliza aliambiwa nini usiku wa harusi. Sikudhani naye akashusha sauti, akajibu. Sitawaambia alijibu nini. Lilikuwa jibu lenyewe.

Mnadhani mlango ulifunguliwa. Hamuijui Wizara. Waraka uliotoka mwezi ule ule ulisema kwamba mtu wa kweli husahau, ila tapeli hujiandaa. Kwa hiyo anayejibu maswali yote sawasawa asifunguliwe kabisa. Na kama Mshamu alitaka kusahau waraka, Bi Mashavu alikuwepo. Sauti yake ilitoka kwenye tundu la mbele, taratibu kabisa, ya mtu anayetaka kusaidia.

"Huyo amejibu yote, Mkaguzi."

Sikudhani akaegemea mlango. Mshamu aliusikia ubao ukipokea uzito wake, ubao wa mvule alioupiga randa mwenyewe kwa ajili ya harusi yao.

"Mshamu," akasema, "nina homa. Nifungulie nilale. Ni mimi."

Komeo lilikuwa mkononi. Kulivuta ni kazi ya kidole. Mshamu alimfikiria Faki na kioo chake, akafikiria lile koti, akafikiria macho yote yale mtaani, na aliposema, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Kanuni hazimtambui mimi."

Sikudhani hakulia. Aliketi barazani, mzigo pembeni. Mvua ikaanza. Ilipozidi aliinuka, akavuka, akapiga hodi kwa Bi Mashavu, kimya. Akapita mlango kwa mlango, hodi, na kikohozi, na kukwaruza kwa kandambili kwenye maji. Watu aliowapikia uji walipojifungua, watu aliowafulia nguo za msiba. Kwa Faki tu ndiko alikojibiwa, na Faki alijibu kisomi: kama wewe ni yeye, mbona mumeo hakukufungulia? Hilo swali halikuwa na jibu, na mtaa mzima ukaliona ni swali zuri. Sikudhani akashika njia ya mtoni, kurudi kwa watu wanaorudishia milango.

Siku ya pili walinzi wa kivuko walimtoa majini mwanamke mmoja. Mshamu aliomba kwenda kumtazama. Wizara ikamuuliza anataka kumtazama nani, wakati yeye mwenyewe, mbele ya mtaa, amethibitisha kwamba yule hakuwa mkewe. Mwanamke yule akazikwa kama tapeli asiyejulikana. Kuhusu Sikudhani, ikaelezwa kwamba bado hajarudi kutoka msibani. Mshamu aliomba akae matanga japo ya siku moja, akakataliwa kwa upole. Nchi haina matanga ya mtu aliye safarini.

Mzigo ulioachwa barazani ulikuwa na mkate wa kumimina, umefungwa jani la mgomba, umelowa. Maofisa waliuchukua wakampa mbuzi ili kujua kama una sumu. Mbuzi alikula akaendelea kuishi, na tangu siku hiyo mbuzi anachunguzwa.

Mshamu akavishwa Nishani ya Komeo, Daraja la Kwanza. Profesa Kaombwe alikuja mwenyewe na brasbendi. Alisema taifa lililojengwa juu ya mapenzi huporomoka mapenzi yakiisha, lakini mashaka, ndugu zangu, mashaka hayaishi. Watu walipiga makofi, kila mmoja akimtazama jirani yake kuona kama anapiga kwa moyo. Mshamu alisimama akasema ahsante. Nishani ilikuwa nzito, na alipofika nyumbani hakupata mtu wa kumwonyesha.

Kisha ikaanza ile hodi.

Wa kwanza alikuwa Bi Mashavu. Alasiri, jua limelegea, hakuna hata wingu, akasikia mlangoni hodi ya mwanamke, na kikohozi kikavu. Akachungulia. Barabara tupu. Kukwaruza kukapita kwenda mlango wa pili, hodi, na wa tatu, hodi, mpaka mwisho wa mtaa. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa. Watu wakaacha kupika alasiri, maana anayetega sikio anaunguza. Watoto wakalazwa na pamba masikioni. Hakuna aliyesema ni nani, ingawa hata wachanga walijua.

Wizara ikatuma Tume ya Sauti. Wajumbe wake waliketi kwa mstari kandokando ya mtaa, na hodi ikapita mbele ya magoti yao. Kila mjumbe alikiri faraghani kwamba ameisikia kwa masikio yake, ila hana uhakika kama wenzake wamesikia au wanajifanya. Tume ikatoa taarifa kwamba kwa kuwa hakuna aliyeaminika, hakuna aliyesikia.

Na Mshamu? Huo ndio mwiba wenyewe. Mshamu hakuwa akisikia kitu. Mtaa mzima uligongewa, yeye hapana. Alidhani watu wanamtania, mpaka siku moja alipomwuliza Bi Mashavu kupitia tundu.

"Kwangu haipiti?"

"Inafika barazani kwako inanyamaza," akasema Bi Mashavu. Alikuwa amepungua, sauti imeisha ukali. "Kisha tunaisikia kwa Faki. Inakuruka, Mkaguzi. Sisi tunatamani ituruke sisi."

Tangu hapo Mshamu akawa mtu wa kungoja. Alasiri ikikaribia alifagia baraza, akateka maji akaweka kata juu ya mtungi, akaziba kile kinu cha uvunguni, akakaa nyuma ya mlango akijaribu neno karibu. Hakuwa amelitamka muda mrefu, likawa linamkwama kooni. Alilisema polepole, akalisema kwa kunong'ona, mpaka likaanza tena kutoka na sauti ya mtu. Koti la kaki alilitundika, halafu akalitoa kwenye msumari akalifanya tambara la kufutia vumbi la mbao. Alilia pia. Alilia waziwazi, mwanamume mzima, na Faki upande wa pili wa ukuta alisikia akawa anajiuliza kile kilio kina kusudi gani.

Hodi haikuja. Akang'oa komeo, haikuja. Akaung'oa mlango wenyewe kwenye bawaba akaulaza barazani, na hapo ndipo ilipokuwa mbali kabisa, maana nani atapiga hodi pasipo mlango? Akaurudisha. Akaurudishia tu, kama wafanyavyo watu wa ng'ambo, ukabaki na mwanya wa kupitisha kiganja, akaweka kigoda kwenye kizingiti, akakaa kitako sakafuni.

Na alasiri hiyo akaisikia. Tangu kona ya kisima. Kukwaruza kwa kandambili, polepole, kunasimama, kunakuja. Mtaa wote uliweka jicho tunduni, hata Faki. Miguu ikafika barazani. Kikohozi. Kisha kimya, na Mshamu akaogopa kwamba sasa itaruka, akashindwa kungoja.

"Karibu, mke wangu," akasema. "Karibu ndani."

"Nani?" ikauliza sauti ya nje.

"Ni mimi."

Mwanya wa mlango ulikuwa na mwanga tu, hakuna kivuli.

"Thibitisha," ikasema sauti.

Mshamu akathibitisha. Alitaja kinu, akasema nimekiziba, kipo hapa. Alitaja patasi, akamtaja na mwenyewe, akasema nimeshamrudishia. Alirudia maneno ya usiku wa harusi, safari hii hakushusha sauti, mtaa mzima ukayasikia na hakuna aliyecheka. Hakukosea hata moja. Na alivyokuwa akijibu, akajisikia jinsi alivyojibu yote, akaukumbuka ule waraka wa tapeli.

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, kama ya mtu aliyetembea sana.

"Umejibu vizuri. Lakini mume wangu alikuwa anaujua mguu wangu. Alikuwa ananisikia tangu kisimani."

"Nilikusikia," akasema Mshamu. "Siku ile nilikusikia tangu kisimani. Nilijua ni wewe."

Kisha miguu ikageuka, ikakwaruza, ikaenda mlango wa Faki. Mshamu alipousukuma mlango hakuona mtu. Baraza lilikuwa limelowa mahali pa kukaa mtu mmoja, na mvua haikuwa imenyesha tangu msimu uliopita.

Asubuhi yake majirani walikwenda Wizarani, wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walieleza kwamba nyumba ya Mkaguzi inakaliwa na mtu aliyejibu maswali yote, na ambaye mke wa Mshamu mwenyewe, kwa sauti yake, amekataa kumtambua. Profesa Kaombwe alifurahi sana, akaitisha kikao siku hiyo hiyo. Kikao kikakubali bila upinzani kwamba ile sauti ni ya Sikudhani, halali, raia mwema, na neno lake liaminiwe. Basi kwa ushahidi wake ikaamuliwa kwamba mtu yule si Mshamu. Akatolewa nje, mlango ukakomewa komeo jipya, na nishani ikawekwa ndani mezani kumngojea mwenyewe.

Tangu siku hiyo hodi ya mwanamke haikusikika tena Mtaa wa Bawaba. Inasikika ya mwanamume. Kila alasiri yule mtu anapanda barazani, anajifuta miguu, anapiga hodi kwa adabu kwenye mlango wa mvule, anangoja, anakohoa kidogo, anapiga tena. Ndani hamna mtu. Majirani, ambao milango yao yote ameichonga yeye, wanamsikiliza kwenye matundu. Wanakubaliana kwamba sauti ni ya Mshamu kabisa, na kwa hiyo hawamfungulii.